Jambo na Hujambo: Kiswahili katika Vitabu Viwili vya Watoto wa Marekani

Katika mwaka 1971 kilitokea Marekani kitabu chembamba cha picha kiitwacho Moja Means One, na katika mwaka 1974 kikafuatwa na ndugu yake, Jambo Means Hello. Maneno ya vitabu vyote viwili yaliandikwa na Bibi Muriel Feelings, na picha zilichorwa na Bwana Tom Feelings. Cha kwanza chafundisha kuhesabu toka moja hata kumi. Cha pili chafuata alfabeti ya Kiswahili, herufi 24 bila ya Q wala X, na kila herufi ina neno lake. Vyote viwili vilipata heshima katika tuzo ya Caldecott, ambayo hutolewa huko kila mwaka kwa ajili ya picha za vitabu vya watoto. Cha kwanza mwaka 1972, na cha pili mwaka 1975. Tangu hapo vimesomwa katika madarasa ya chini ya shule za msingi, mara nyingi na mwalimu asiyejua Kiswahili, kwa nia ya kuwafundisha watoto kuwaelewa watu wa mila nyingine na kuwatendea wema.

Wataalamu wa Kiswahili hawana desturi ya kuhakiki vitabu vya namna hii. Huonekana kuwa ni vya kitoto, tena vya kigeni, na maneno yake ni machache kuliko ya ukurasa mmoja wa kamusi. Lakini mtoto wa miaka sita aliyeko mbali na Afrika ya Mashariki, ambaye pengine hatafungua kitabu kingine cha lugha hii maisha yake yote, hujengewa humo picha ya Kiswahili na ya wenye lugha. Yapasa kuulizwa ni picha gani.

Kabla ya kuvihukumu, ni haki kukumbuka vilizaliwa katika hali gani. Mwezi wa Septemba 1965 Bibi Nancy Larrick alichapa makala katika gazeti la Saturday Review juu ya vitabu vya watoto vya nchi hiyo. Alichunguza vitabu 5,206 vilivyotolewa na wachapishaji 63 katika miaka mitatu, 1962 hata 1964, akakuta kuwa ni asilimia 6.7 tu vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, ama katika maneno ama katika picha. Wakati huo miaka 11 ilikuwa imepita tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipotamka, mwaka 1954, kuwa shule za umma zisiwatenge watoto kwa rangi zao. Sheria ilikuwa imefungua mlango wa darasa, walakini mtoto mweusi aliyeupita mlango huo alifungua kitabu asijione humo. Bwana Feelings alikuwa amekwenda kufanya kazi ya uchoraji Ghana kati ya miaka ya 1964 na 1966. Bibi Muriel alikuwa amefundisha sanaa katika shule ya Kampala. Walirudi kwao na kitu ambacho wachapishaji wale 63 hawakuwa nacho, yaani nyuso za watoto wa Kiafrika zilizotazamwa kwa upendo na mtu aliyepata kuziona. Picha za vitabu hivi hazitumii rangi nyingi. Uzuri wake umo katika mwanga uangukao juu ya ngozi na nguo, na hata leo hazijachakaa.

Mwaka 1990 Bibi Rudine Sims Bishop, mtaalamu wa fasihi ya watoto, alitoa mfano uliotumiwa sana tangu hapo: kitabu cha mtoto chaweza kuwa dirisha la kutazama maisha ya wengine, chaweza kuwa kioo cha kujitazama, na tena chaweza kuwa mlango wa kuingilia. Vikipimwa kwa kipimo hiki, vitabu vya Feelings vilikuwa kioo kwa mtoto mweusi wa Marekani aliyetafuta asili yake, na kwa mwenziwe mweupe vilikuwa dirisha. Kazi hizo mbili zilifanywa, na zilifanywa vizuri. Shaka iko katika kazi ya tatu. Mlango wa Waswahili haufunguliwi kwa kutazamwa. Mtu hubisha hodi, akangoja aambiwe karibu. Asiyebisha hodi ni mwizi au ni mtoto asiyefunzwa.

Jina la kitabu cha pili latosha kuonyesha shaka hiyo. Jambo, neno lisemwapo peke yake, ni habari, shauri, tukio. Wingi wake ni mambo. Mtu akiambiwa kuwa pana jambo nyumbani kwake, hapokei salamu. Huvaa viatu upesi. Salamu yenyewe ni hujambo, na jibu lake ni sijambo. Kwa umbo lake ni ukanusho: aulizaye ataka kusikia kwamba mwenziwe hana jambo, hapana baya lililompata. Tena ina nafsi. Kiambishi hu- cha mwenye kuulizwa hugeuka kuwa si- kinywani mwa mwenye kujibu, hata mtoto asiweze kuitikia kwa kurudia alilolisikia kama kasuku. Hana budi kujihamisha, kutoka mahali pa wewe hata mahali pa mimi, ndipo ajibu. Wakiwa wengi ni hamjambo na hatujambo. Na haiishii kwa waliopo. Huulizwa mama hajambo, na wadogo zako hawajambo, na mtoto huwajibia watu wasiokuwapo kana kwamba wamesimama nyuma yake. Haya yote ni sarufi ya kawaida ya darasa la kwanza, na haya yote ni adabu. Pwani haiwezekani kufundisha moja bila ya jingine.

Kwa hiyo kusema kwamba jambo ni sawa na hello ya Kiingereza ni kuondoa ukanusho, na nafsi, na jibu. Hubaki mzizi, kama mti uliopukutishwa majani ili uweze kutiwa katika sanduku. Hello haina nafsi, wala haimdai mwenye kuisikia chochote ila hello nyingine. Mtoto aliyefunzwa hivi hudhani kuwa lugha ngeni ni lugha yake mwenyewe iliyovikwa vitambaa vingine. Kwamba kila neno lake lina pacha ng'ambo ya bahari, na kazi ya mwenye kujifunza ni kubadili vitambaa tu. Ikiwa shabaha ya mwalimu ni kumwelewesha mtoto kuwa watu wengine huutazama ulimwengu kwa namna yao, basi somo limekwenda kinyume cha shabaha.

Hata hivyo mhakiki wa pwani asiharakishe kucheka. Jambo kama salamu si uzushi wa wenye kitabu, wala si la watalii na watumishi wa hoteli peke yao. Katika Kiswahili cha Kongo ni salamu kamili, na huitikiwa kwa jambo. Bara na pwani watu huikata hujambo kwa haraka, wakaelewana. Kosa basi si la neno, ni la kulitoa neno peke yake. Kama chini ya jina la kitabu pangechorwa watoto wawili, mmoja ataja na mwingine aitikia, hata jambo la Kongo lingekuwa salamu kwa kweli.

Kutajwa kwa Kongo si kupotoka njia. Katika miaka ya 2010 wakimbizi wengi wa Kongo walihamishiwa Marekani, baadhi yao wakiwa wametoka katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, ambako watoto wao wengi walizaliwa. Kiswahili kikaingia kwa miguu yake katika madarasa yale yale ambamo kwa miaka 40 kilikuwa kikiingia kwa kitabu. Hali ya somo imegeuka kabisa, na vitabu havikuandikwa kwa hali hiyo. Mwaka 1974 mwalimu aliweza kusoma alfabeti ile na darasa likasikiliza habari za watu walio mbali. Leo mmoja wa watu hao aweza kuwa amekaa dawati la tatu, na jina lake limekwisha kutamkwa vibaya asubuhi hiyo. Mwalimu asema jambo kwa furaha, na darasa zima lamgeukia mtoto huyo. Ni wema, hapana shaka. Lakini ni wema wa namna gani? Amefanywa kielelezo cha somo. Hakuulizwa neno. Na kama ni mtoto aliyelelewa Kigoma, pengine amkutapo mwalimu ulimi wake humsukuma kusema shikamoo, neno ambalo halikamiliki mpaka mkubwa aseme marahaba. Mwalimu asiyejua kuwa anadaiwa marahaba amwacha mtoto na nusu ya salamu mdomoni, wala hapana mtu darasani atakayejua kuwa kumetokea upungufu.

Lingetafutwa neno moja la kumfaa mwalimu wa wema kuliko yote, lingekuwa pole. Mtoto wa Kiingereza hufunzwa kusema sorry akiwa amemwumiza mwenziwe, na kwa kuwa neno hilo limeshikamana na hatia, mara nyingi hukataa kulisema, au hulisema akitazama chini kwa kulazimishwa. Kiswahili kimeyatenga mambo mawili. Aliyekosa husema samahani au nisamehe. Asiyekosa, aliyepita tu akamwona mtu amejikwaa, au amefiwa, au anatoka shamba na mzigo kichwani, au amekesha na mtoto mgonjwa, husema pole. Naye aliyeambiwa hujibu asante, au nimeshapoa. Pole haiulizi ni nani aliyesababisha. Yatosha kuwa mmoja ana uzito na mwingine ameuona. Darasa la watoto wa miaka saba wa makabila kumi, wafunzwapo tofauti hii, hupata kitu ambacho lugha ya shule yao haina neno lake, na mtoto wa Kiswahili aliyeko dawati la tatu hapo si kielelezo tena, ndiye mwalimu. Aweza kuwasahihisha wenziwe. Aweza kusema hapana, hapa si pole, hapa ni samahani.

Wako Wamarekani waliolifahamu jambo hili bila ya kufundishwa na mtaalamu yeyote wa pwani. Sikukuu ya Kwanzaa, iliyoanzishwa na Bwana Maulana Karenga huko California mwaka 1966, imepata mashaka mengi kutoka kwa wenye kujua Kiswahili. Jina lake, lililotokana na matunda ya kwanza, limeongezewa a moja mwishoni; na katika siku zake saba watu huulizana habari gani, wakajibu kwa nguzo ya siku hiyo: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba, imani. Msomaji wa Unguja hutabasamu akisikia mtu aulizwa habari gani akajibu ujima. Lakini katika matumizi hayo swali limebaki kuwa swali na jibu limebaki kuwa jibu. Mtoto hujua kwamba akisikia maneno yale ana deni la kulipa, na deni la siku ya pili si lile la siku ya kwanza. Kwa upande wa umbo, kujichagulia ni neno lililoundwa barabara: ji- ya kujirejea na kauli ya kutendea zimekaa mahali pake, hata mwanafunzi wa Chuo Kikuu angeweza kupewa kulichambua katika mtihani. Kiswahili hiki kimeguguniwa pembeni, lakini kingali hai, kwa sababu kinasemwa na watu wawili.

Na yuko mwalimu mwingine ambaye hakugusa Kiswahili katika suala hili, lakini jaribio lake lafaa kuwekwa kando ya vitabu hivi. Bibi Vivian Paley, aliyefundisha watoto wadogo katika shule za Chuo Kikuu cha Chicago, alitoa mwaka 1992 kitabu kiitwacho You Can't Say You Can't Play. Aliona kwamba hata katika umri wa miaka mitano baadhi ya watoto huchukua mamlaka ya kuamua nani acheze na nani asicheze, na kwamba wanaofukuzwa leo ndio wanaofukuzwa kesho. Akaweka amri, iliyo jina la kitabu, kwamba mtu hawezi kumwambia mwenziwe asicheze. Kabla ya kuiweka aliizungumza na watoto wa madarasa ya juu, nao wakaiona kuwa ni ya haki, ila wengi wakashuku kama itawezekana. La maana kwa mtaalamu wa lugha ni kuwa Bibi Paley hakuwafundisha watoto jina la wema. Alishika sentensi moja wanayoambiana, akaizuia. Alijua kwamba ukatili wa darasani hukaa katika maneno mafupi yasemwayo mchezoni wakati mwalimu hayupo. Katika Kiswahili mlango wa mchezo ni silabi moja tu, ile -mo ya mahali pa ndani: nami nimo, wewe humo. Silabi hiyo haina picha ya kuchorwa, ndiyo sababu haifai kwa kitabu cha alfabeti, na ndiyo inayoamua mtoto mgeni atakaa wapi wakati wa mapumziko.

Sasa kuhusu kitabu cha hesabu, ambacho kwa maoni ya wengi ni kizuri zaidi cha hivyo viwili, na ndicho kinachoficha kosa la hila zaidi. Penye moja kuna mlima Kilimanjaro. Penye mbili kuna mchezo wa namna ya bao. Msomaji atazamaye picha ya mlima na kuona moja, kisha atazamaye wacheza bao na kuona mbili, hupata hesabu, lakini hajapata kuhesabu kwa Kiswahili. Mlima ni mmoja. Wachezaji ni wawili. Nambari za Kiswahili toka moja hata tano, pamoja na nane, haziwezi kukaa kando ya kitu zisikibadilikie: mtoto mmoja, kiti kimoja, jiwe moja, watu wawili, viti viwili, nyumba mbili. Hutazama kwanza nani aliye mbele yao. Sita, saba na tisa, zilizotoka Uarabuni, hazikubali kuvaa viambishi. Watu ni sita, viti ni sita, nyumba ni sita. Kumi, ijapokuwa ni ya Kibantu tangu asili, nayo imekaa na wageni hao kwa ukaidi. Basi mtoto ahesabuye hata kumi hupita katika mji wenye watu wa asili mbili, wengine wenye desturi ya kupatana na wengine wasiokuwa nayo, nao wamekaa safu moja kwa karne nyingi bila ya ugomvi. Kama mwalimu wa Marekani alitaka mfano wa watu mbalimbali kukaa pamoja, alikuwa nao mkononi, na kitabu hakikumwonyesha.

Yaweza kujibiwa kwamba mtoto wa miaka sita hawezi kubebeshwa ngeli. Jibu hilo halina nguvu. Mtoto wa Kiswahili wa miaka mitatu amekwisha kuzibeba, na mtoto wa Marekani hupenda mchezo wa kubadili kichwa cha neno kuliko apendavyo kukariri orodha. Ingetosha kuweka chini ya picha maneno mawili badala ya moja. Ukurasa usingejaa.

Lawama nyingine ni nyepesi zaidi na yaweza kupitwa haraka. Maisha ya kijijini yametawala picha, kana kwamba lugha iliyokulia Lamu, Mombasa na Unguja, katika miji ya mawe na majahazi, ilikuwa lugha ya mashamba peke yake. Katika miaka ya 1970 mwenye kitabu alikuwa na sababu ya kuipenda kijiji, na msomaji wake alikuwa na kiu nayo. Mtoto aliyetoka Nairobi au Lubumbashi, aonyeshwapo picha hizo leo na kuambiwa ni za kwao, ana haki ya kushangaa.

Ukurasa wa mwisho wa kitabu cha hesabu una watoto kumi wanaomsikiliza msimulizi wa hadithi. Ni miongoni mwa picha bora za Bwana Feelings, na hapa nambari haina kosa, kwa kuwa kumi haidai kiambishi. Watoto wametulia, nyuso zimeelekea kwa msimulizi. Lakini hadithi ya Kiswahili haianzi watoto wakiwa wametulia. Msimulizi husema paukwa, kisha hunyamaza, wala hataendelea. Hungoja mpaka kila aliyekaa pale, wa nyumba hiyo na wa nyumba nyingine, aseme pakawa.